Savka Hakumwita Mtu

Mimi ni Toza, na bora niseme mapema kabla Mileva hajaniwahi: siku ile nilikuwa nimekaa dirishani kwangu na suti yangu ya harusi, tai imenikaba, chupa ya gongo la plamu mapajani, na nilikuwa nimenuna. Nimenuna kweli kweli, ile ya kuvimba mashavu, na umri wangu huu wa miaka sabini na moja. Ng'ambo ya barabara, hatua thelathini na mbili kutoka kizingiti changu, Savka alikuwa ameandaa meza ya watu arobaini na hakuna kiti kilichokaliwa. Nilijua kwa nini. Nilijua pia litakalompata meza ikibaki vile. Na bado sikunyanyua makalio.

Kwa hiyo nikimsema Savka humu ndani, na nitamsema, jueni kwamba mwenye aibu ni mimi. Yeye aibu hana, hajawahi kuwa nayo, na ndiyo maana tunampenda.

Aliletwa hapa Vrbin akiwa bibi harusi wa miaka kumi na tisa, kutoka huko juu milimani ambako samaki wanayemjua ni yule wa kwenye kopo. Mama mkwe wake, Mungu amrehemu, ingawa sidhani kama Mungu ana muda huo, alimtazama mikono akasema, "Huyu asiguse samaki wangu." Miaka sita Savka aliokota magamba sakafuni. Hakugusa samaki. Alitazama tu. Yule bibi alipokufa, kwenye chakula cha matanga yake mwenyewe, Savka akawasha moto uani akabanika samaki kwa mara ya kwanza. Watu wakalamba vidole wakiwa bado na nguo zao nyeusi za msiba. Ljuban, mumewe, akasema kwa sauti iliyofika makaburini, "Sasa huyu ndiye samaki."

Samaki mwenyewe ni sharan, yule mnene wa mto wetu, Danubi. Ana mafuta kama shemeji yangu na miiba kama mke wa shemeji yangu. Watu wa mjini wanamwogopa. Savka anamchanja ubavuni, kila upana wa kidole mchanjo mmoja, mpaka kisu kinakaribia uti wa mgongo, vile vimiiba vidogo vinakatika na moto unavimalizia. Chumvi anaitia tangu jana yake. Makaa yake ni ya matawi ya mzabibu, si kuni nyingine yoyote. Anaweka kiganja juu ya makaa na kuhesabu. Asipofika tano, moto ni mkali, akipita tano, moto umelala. Samaki anageuzwa mara moja tu. "Huyu si mgonjwa," husema, "wa kugeuzwageuzwa." Maisha yake yote ya kazi aliyamalizia kantini ya karakana ya meli, akiwapikia maharage watu mia nne, na sijasikia hata fundi mmoja aliyethubutu kurudisha sahani yenye kitu.

Halafu kuna ajvar. Samaki wa Savka bila ajvar ni bwana harusi bila suruali. Mwisho wa mwezi wa tisa mtaa wetu wote unanuka pilipili hoho za kuchoma. Tunazileta kwa magunia, nyekundu, ndefu, nene. Tunazichoma juu ya bati la jiko la kuni mpaka ngozi inakuwa nyeusi, tunazifunika zitoke jasho, kisha tunakaa uani kuzimenya. Kwa mikono mikavu. Atakayezipitisha kwenye maji ili ngozi itoke upesi, hatumsalimii mpaka Pasaka. Zikishamenywa zinaning'inizwa kwenye kitambaa zichuruzike, zinasagwa na biringanya za kuchoma, zinatiwa mafuta, kitunguu saumu, siki na pilipili kali, halafu unakoroga. Unakoroga mpaka ukipitisha mwiko, chini ya sufuria panaonekana njia. Njia ikijifunga, endelea kukoroga. Ni chatini tu ya mboga, atasema mjuaji mmoja. Basi aje akoroge yeye.

Savka anatia na bizari nyembamba, na hilo limekuwa ugomvi wa miaka thelathini na tano kati yake na Mileva, jirani anayegawana naye ukuta.

"Ajvar haina bizari," Mileva husema kila mwaka, kijiko kikiwa mdomoni. "Hii ni dawa ya tumbo."

"Basi kunywa. Tumbo lako linaihitaji."

Na Mileva anaondoka na chupa tatu.

Mwaka huo ninaousema, tulikuwa tunamenya pilipili, mimi na Savka pembeni kwenye benchi, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Akasema bila kuinua kichwa, "Vukan anakuja kwenye slava."

Vukan ni mwanawe wa pekee, seremala huko Graz, Austria, na ameoa hukohuko.

"Heri," nikasema. "Si mwanao?"

"Anakuja na kasha."

"Kasha la nini?"

"La kumtia Nikola."

Nikaacha kumenya. Nikola ni mtakatifu wa nyumba yao. Picha yake imetundikwa kwenye kona ya mashariki ya sebule tangu kabla hatujazaliwa, mzee mwenye ndevu na uso wa mtu aliyeonjeshwa siki. Kila nyumba kwetu ina mtakatifu wake na siku yake, na siku hiyo ndiyo slava, na slava inatoka kwa baba kwenda kwa mwana. Ljuban alikuwa amekufa miaka minne nyuma, mbele ya televisheni, akimtukana refa. Kwa haki Vukan angeweza kumchukua Nikola siku yoyote.

"Ameniambia, mama, uko peke yako, unapika siku tatu mgongo umepinda, kwa ajili ya nani? Nikamwambia, njoo uone kwa ajili ya nani. Nyumba ikijaa, Nikola anabaki. Isipojaa, nitamfunga blanketi kwa mikono yangu nikupe."

"Itajaa. Lini haikujaa?"

"Najua itajaa. Ndiyo maana nikamwambia hivyo." Akatupa ganda kwenye ndoo. "Toza, wakimchukua yule mzee, mimi nitabaki na televisheni. Na unajua ilichomfanya Ljuban."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Sasa, kwetu slava haina mwaliko. Mtu haitwi. Aliyekuja mwaka jana anakuja mwaka huu, na anakuja mwakani, mpaka afe. Mlango uko wazi, mshumaa umewashwa, unaingia, unambusu mwenye nyumba mara tatu, unakula, unaondoka ukichoka. Ukimwita mtu kwenye slava umemwambia kwamba miaka yote ile hakuwa mgeni wako, alikuwa mpita njia tu. Mtoto wa chekechea analijua hilo. Katrin, mke wa Vukan, hakuwa mtoto wa chekechea. Alikuwa mtu wa Graz.

Wiki mbili kabla ya siku ya Nikola, Mileva aliingia kwangu bila kubisha, anapunga kikaratasi kama mtu aliyepata hati ya mahakama.

"Nisomee, Toza, mimi sina miwani."

Miwani alikuwa nayo kichwani. Alitaka tu nisome. Kadi ilikuwa nzuri, nene, ina samaki wa dhahabu pembeni, na lugha yetu imeandikwa bila kosa hata moja, jambo lililotuudhi zaidi. Ilisema kwamba Bibi Mileva anaalikwa kwa chakula cha mchana tarehe kumi na tisa Desemba, kuanzia saa saba hadi saa kumi, na tafadhali athibitishe.

"Saa saba hadi saa kumi," Mileva akasema. "Miaka thelathini na tano nimekula kichwa cha sharan kwenye meza ile. Leo napangiwa saa, kama naenda kumwona mfungwa."

"Wewe angalau una karatasi," nikasema.

Akanitazama. Uso wake ukachangamka kama umemwagiwa jua. "Hukupata?"

"Sikupata."

"Wewe? Wa mbele ya nyumba?" Akakaa, akajimiminia kahawa yangu. "Pole sana, Toza. Pole sana, jamani."

Mpaka jioni mtaa wetu wa chini wote ulijua nani amepata na nani hakupata. Kadi zilikuwa kumi na mbili. Waliopata walikasirika kwa sababu ya saa ya kuondoka. Tusiopata tulikasirika, basi tu. Baadaye nilikuja kujua kwamba Katrin alitaka kumfurahisha mama mkwe kimyakimya, hata mumewe hakumwambia, akaokota anwani kwenye bahasha za rambirambi za Ljuban. Mimi sikuwahi kutuma rambirambi kwa posta. Nilivuka barabara nikamlilia Ljuban kitandani kwake. Kwa hiyo sikuwa na bahasha.

Mke wangu Bosa alisema mara moja, "Nenda kamuulize Savka."

"Nimuulize nini? Kwamba naomba kuja kula?"

"Muulize kama anajua."

"Kuuliza ni kuomba."

"Toza, una kichwa kigumu na ndani hamna kitu. Si ulisema wanataka kumnyang'anya Nikola?"

Nilikumbuka, tena vizuri sana. Nikajiambia wengine wataenda, na makalio yangu mawili yakikosekana kwenye benchi la watu arobaini hakuna atakayeyatafuta. Nadhani mtaa mzima ulijiambia hivyohivyo kuhusu makalio yake.

Tarehe kumi na nane gari la Vukan liliingia. Nilimwona akishusha lile kasha. Kazi safi, siwezi kumnyima, mbao nyeupe zimepigwa vanishi mpaka zinang'aa, bawaba za shaba, ndani blanketi la sufu limekunjwa. Alilibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto. Savka alisimama kizingitini akamfungulia mlango, kisha akatazama huku kwangu. Nikarudi nyuma ya pazia.

Siku ya Nikola, nusu ya nchi inasherehekea na nusu nyingine inakwenda kula kwao. Mtaa wa chini sote ni nusu ya pili, isipokuwa Savka. Ni siku za mfungo, nyama haiguswi, kwa hiyo samaki ndiye bwana. Padri Spasoje alipita saa tatu asubuhi, akakata mkate wa baraka pamoja na Vukan, akaimba haraka kama anauza nyanya, akatoka akikimbia kwa sababu alikuwa na nyumba kumi na tisa mbele yake na katika kila nyumba glasi moja. Baada ya hapo, kimya.

Saa sita, kimya. Saa saba kamili Katrin akatoka getini, gauni jipya, orodha mkononi, anatazama barabara juu na chini. Msichana mrembo, mrefu kama mlingoti. Saa saba na robo bado amesimama. Nilihesabu mapazia: kwa Mileva linacheza, kwa mwalimu mstaafu linacheza, kwa fundi viatu linacheza. Mtaa mzima tumevaa tai tunachungulia.

"Vua basi hiyo suti," Bosa akasema nyuma yangu. Yeye alikuwa na hereni zake zote. "Au nenda. Chagua moja. Unanitia kichefuchefu."

"Nimekaa tu kwangu."

"Umekaa na chupa ya zawadi mapajani tangu asubuhi. Unampelekea nani, kunguru?"

Nilikuwa nimefungua dirisha kidogo, kwa ajili ya hewa. Ndipo Savka akatoka na aproni yake, akaitazama ile orodha mikononi mwa mkwewe.

"Hii nini, mwanangu?"

"Majina, mama. Niliwaandikia."

"Umewaita?"

"Ndiyo. Kwa heshima."

"Na hii saba na kumi?"

"Saa ya kuja na saa ya kuondoka. Ili upumzike."

Savka alikaa kwenye ngazi. Nilimjua miaka karibu hamsini na sijawahi kumwona akikaa mchana wa slava. Nilingoja amtukane yule msichana, kwa maana Savka akitukana, hata mbwa wanaweka masikio chini. Hakutukana. Alimshika shavu kwa mkono wenye magamba akasema, "Mwanangu, umefanya vizuri sana, na umetumaliza."

Katrin akaanza kulia kabla hajaelewa. Vukan akatoka, akaambiwa, akajipiga paji la uso. Yeye alikuwa anaelewa vizuri mno.

"Basi mama, pita mlango kwa mlango uwaeleze," akasema.

"Nipite niwaite? Nikiwaita leo nimekubali kwamba wanastahili kuitwa. Hawatakanyaga hapa mpaka wanizike." Akajishika magoti akasimama. "Sitamwita mtu. Lete pipa."

"Pipa liko uani, mama, makaa tayari..."

"Lilete barabarani."

Pipa lile ni pipa la mafuta lililokatwa katikati, na wavu juu yake. Vukan na Katrin walilikokota, mmoja analia, mwingine anatukana kwa Kijerumani, wakaliweka katikati ya barabara. Kosava ilikuwa inavuma, ule upepo wetu wa mashariki unaopanda na Danubi siku tatu bila kupumua. Savka alinyanyua uso, akaunusa, akasogeza pipa hatua mbili kushoto. Nilidhani anatafuta mahali pa kujikinga na upepo. Alikuwa anatafuta madirisha yetu.

Akatia matawi ya mzabibu, akasubiri yawe makaa, akaweka kiganja. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Akalaza samaki wa kwanza wawili wazima, akachovya fungu la kotimiri kwenye mafuta ya pilipili hoho, akawapaka. Moshi ukaja. Sijui niwaelezeje. Niseme tu kwamba Bosa, mwanamke mcha Mungu, alitamka neno ambalo sijamsikia akilitamka tangu alipojifungua.

Halafu Savka akaanza kusema na samaki. Kwa sauti ya kantini, ile ya watu mia nne.

"Haya wewe mkia," akasema, "wewe ulikuwa wa Toza. Kila mwaka mkia, anapenda unapoungua pembeni. Mwaka huu sijui utaliwa na nani. Na wewe ubavu, wewe ni wa mwalimu, hana meno upande wa kushoto, maskini, nilikuwa namchambulia." Akampaka mafuta. "Simwiti mtu mimi. Nazungumza na samaki wangu. Mtu haruhusiwi kuzungumza na samaki wake?"

Pazia la mwalimu likatulia.

"Na wewe kichwa," Savka akaendelea, akainua koleo, "kichwa kizuri hivi, mashavu yamejaa. Wewe ulikuwa wa Mileva. Anajua kukinyonya, lazima niseme, hakuna mtu Danubi yote anayenyonya kichwa cha samaki kama yule mwanamke. Lakini ndiyo hivyo. Leo nitampa paka."

Mlango wa Mileva ulifunguka kwa nguvu mpaka ukagonga ukuta. Akatoka amevaa viatu vya visigino na gauni la bluu, nywele zimewekwa tangu jana. Akashuka barabarani akasimama mbele ya pipa, mikono kiunoni.

"Moshi wako umeingia kwenye mashuka yangu."

"Umeanika mashuka Desemba?"

"Nimeanika."

"Haya. Samahani."

Wakatazamana. Mafuta yalidondoka kwenye makaa yakatatarika.

"Na paka wako ana tumbo baya," Mileva akasema. "Ukimpa kichwa cha sharan na ile bizari yako, atakufa. Mimi nakwambia tu kama jirani."

"Sina mwingine wa kumpa."

"Moto wako wenyewe umelala." Akatoa kile kikaratasi cha Katrin kifuani, kile cha samaki wa dhahabu, akakunja mara moja, akaanza kupepea makaa nacho. Alipepea vizuri. Kadi ilikuwa nene kweli.

Baada ya hapo wakaanza kutoka, na kila mmoja alikuwa na shida yake ya dharura. Mwalimu alitoka kurudisha bakuli aliloazima mwaka juzi. Fundi viatu alipita tu, akielekea dukani, na duka lilikuwa limefungwa, na liko upande mwingine. Mjane wa pale kona alikuja kuuliza saa ngapi. Wote na tai, wote na chupa chini ya koti. Savka hakumwambia mtu karibu. Aliuliza tu, "Umekula?" na kila mmoja akasema hapana, kwa sauti ya mtu aliyeonewa.

Bosa alikuwa ameshavuka kabla sijafunga dirisha. Nilibaki mimi. Nilipanga la kusema, nikavuka zile hatua thelathini na mbili, nikasimama mbele ya pipa.

"Jirani, umeziba barabara."

"Pita kushoto."

"Natembea kwa miguu."

"Basi pita mezani." Kisha akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini, hii haikuwa ya kantini. "Toza. Wewe ulijua."

"Nilijua."

"Nilikwambia kwenye pilipili, na ulikaa."

"Nilikaa." Tai ilikuwa inanikaba. "Sikupata karatasi, Savka."

"Mimi ningekupaje karatasi, we mpumbavu. Wewe ni wa hapa."

Nilimpa chupa. Aliipokea, akaiweka chini pembeni ya mguu wake, akaninyooshea mkia kwenye kipande cha mkate, na juu yake kijiko kizima cha ajvar. "Umeungua kupita kiasi kwa kukungoja. Utaula hivyohivyo."

Nikaula hivyohivyo, nimesimama barabarani, macho yananitoka machozi, na msiniulize kama ni moshi. Ile nyama iliyokauka pembeni, mafuta chini yake, halafu ajvar tamu, halafu siki, halafu pilipili inakuja taratibu nyuma kama mtu aliyechelewa ibada, na mwisho kabisa ile bizari. Mileva anasema haifai. Alikuwa ameshamaliza mashavu mawili ya kichwa na anatafuta macho.

Saa tisa nyumba ilikuwa imejaa. Saa kumi, ile saa ya kuondoka, Katrin alisimama mlangoni akatazama saa yake, akatazama watu waliobanana kwenye viti, kwenye vitanda, kwenye ngazi, mmoja juu ya mashine ya kufulia, na wengine bado wanaingia getini. Habari ilikuwa imefika mtaa wa juu kwamba Savka anabanika barabarani na anawasema watu kwa majina, na waliokuwa hawajasemwa waliona vibaya.

"Mama, wanaondoka lini?" akamuuliza Savka.

"Watakapochoka kutusema, mwanangu. Leta samaki."

Samaki walikuwepo, wanane, wamechanjwa na kutiwa chumvi kwenye beseni. Kilichokwisha ni moto. Kosava ilikuwa imekula makaa, na matawi ya mzabibu yalikuwa yameisha, yote, hata yale ya akiba. Savka aliweka kiganja juu ya pipa, akahesabu tano, sita, nane, kumi. Akatoa kiganja.

"Nani ana kuni kavu?"

Tukatazamana. Kuni kavu tunazo wote, lakini ziko majumbani, na hakuna aliyetaka kupoteza kiti chake. Mimi niko wazi, hata mimi nilikuwa na mahali pazuri karibu na ukuta.

Vukan alikuwa amesimama karibu na pipa siku nzima, akibeba sahani, akibusiwa mashavuni na vibibi vilivyomjua akiwa na kamasi. Akamtazama mama yake. Savka hakumtazama, alikuwa anafunika beseni lile la samaki kwa sahani, taratibu, kama mtu anayefunga duka. Vukan akaingia ndani.

Alitoka na kasha. Kelele za barabarani zikakatika, kwa sababu kufikia hapo kila mtu alishajua kasha ni la nini, Bosa alihakikisha. Savka akaliona. Mkono wake ukashika ukingo wa pipa, na pipa lilikuwa bado la moto, na hakuondoa mkono.

Vukan akafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na blanketi tu. Katrin akalichukua, akalikunjua, akamfunika nalo mama mkwe mabegani, akalivuta vizuri shingoni kwa sababu ya upepo. Kisha Vukan akaliweka kasha juu ya goti lake, akalivunja. Lilikataa mara ya kwanza, alikuwa ameliunga vizuri mno. Mara ya pili likaitika. Akang'oa bawaba za shaba, akazitia mfukoni, akalaza mbao ndani ya pipa moja moja.

Hakuna aliyepiga makofi, sisi si watu wa hivyo. Mileva akainama akaanza kupepea na kadi yake. Savka akangoja moto ushuke, akaweka kiganja, na safari hii alihesabu polepole sana. Alipofika tano akafuta pua kwa kona ya blanketi la Nikola, akalaza samaki.

Wa mwisho alinipa mimi, mzima, kuanzia kichwa. Alikuwa ananuka vanishi, ladha yake kama mtu amepika kabati. Savka alisimama mbele yangu na blanketi lake, mikono kiunoni, akanitazama nikila. Nilimmaliza mpaka miiba, nikaomba ajvar nyingine.